Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kilianza 1961 au 1970? Na kiliundwa kufanya nini hasa?

Kurunzi (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naandaa mabango matatu ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho ya elimu. Nimekwama mapema kuliko nilivyotarajia. Kila nikigusa chanzo kipya nakuta mwaka mwingine: 1961, 1963, 1964, 1970, hadi 2007. Wengine wanaandika kwamba ndicho chuo kikuu cha kwanza Afrika Mashariki.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, mwaka upi uandikwe na kwa maelezo gani, ili mtu anayeijua historia asipite akacheka. Pili, dhima ya chuo. Sitaki ile kauli ya kwenye kalenda za ukutani; nataka kujua waanzilishi walikikabidhi kazi gani na kazi hiyo ilibadilikaje. Mwenye nyaraka kichwani anisaidie.

---

Makabrasha

Mkuu Kurunzi, miaka yote uliyotaja ni ya kweli. Tatizo huja pale mwaka unapobandikwa kwenye tukio lisilo lake.

Tarehe ya kuzaliwa ni 25 Oktoba 1961, wiki sita na ushee kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Kilichofunguliwa siku hiyo kilikuwa chuo kikuu kishiriki, chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London, ambacho ndicho kilichosimamia viwango na shahada. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Mlimani, kilipo chuo leo, hapakuwa na jengo hata moja la chuo. Masomo yalianzia kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, raia wa Kanada, na mwaka 1965 nafasi hiyo ikachukuliwa na Mtanzania, Wilbert Chagula.

Juni 1963 chuo kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa Mkuu wa chuo hicho cha pamoja mpaka kilipovunjwa. Mwaka 1964 ni wa kuhamia Mlimani, basi. Usiuandike kama mwaka wa kuanzishwa. Tarehe 1 Julai 1970 chuo cha pamoja kikagawanyika mara tatu, na Sheria Na. 12 ya mwaka huo ikakifanya cha Dar es Salaam kuwa chuo kikuu kamili cha taifa. Mwaka 2007 ni wa Hati Idhini, iliyotolewa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Hati hiyo ilibadilisha msingi wa kisheria wa chuo kilichokuwa kikifanya kazi kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa bango, sentensi salama ni hii: «Kilianzishwa 1961 kama chuo kikuu kishiriki, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea 1970.» Usipunguze nusu yoyote. Na chuo chenyewe huhesabu umri wake kuanzia 1961: miaka 50 ilisherehekewa 2011, na dira yake ya muda mrefu inaitwa Dira ya 2061 kwa sababu hiyohiyo.

Jambo moja linalowaangusha wengi ni wasifu wa wahitimu. Aliyehitimu 1967 au 1968 alisoma Dar es Salaam, ila shahada yake ni ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na cheti kinasema hivyo. Ukiandika «alipata shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968» umemvisha mtu cheti cha chuo ambacho kisheria hakikuwepo. Kwa wahitimu wa 1970 usikisie kabisa, maana mwaka ulikatika katikati. Tazama cheti chenyewe au kitabu cha mahafali. Kuanzia 1971 huna shida. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, ana shahada ya sheria ya Dar es Salaam ya mwaka huo.

Na hiyo ya «cha kwanza Afrika Mashariki» ifute leo. Makerere ilianza 1922. Cha kwanza Tanzania, sawa.

---

Dafrau

Makabrasha kamaliza tarehe. Mimi niongeze sababu, kwa kuwa bango lenye tarehe tupu halisomwi.

Kwa nini nchi iliyokuwa na wahandisi na madaktari wa kuhesabika ilianza na sheria? Makerere ilikuwa tayari inafundisha udaktari na kilimo. Nairobi ilikuwa na uhandisi, na udaktari wa mifugo Kabete. Sheria haikufundishwa kwa ngazi ya shahada popote katika nchi hizi tatu, kwa hiyo aliyetaka kuwa wakili alilazimika kwenda Uingereza, jambo lililowezekana kwa wachache sana wenye asili ya Kiafrika. Nchi mpya ilihitaji mahakimu, waandishi wa sheria na mawakili wa serikali mara moja. Hivyo Dar es Salaam ilipewa pengo lililokuwa wazi, na kwa miaka ya mwanzo ikawa shule ya sheria ya Afrika Mashariki nzima: Wakenya na Waganda walikuja kusomea hapa, kama vile Watanganyika walivyokwenda Kampala kwa udaktari na Nairobi kwa uhandisi.

Mpango ulikuwa wa busara kwenye karatasi. Fani moja ya gharama kubwa inajengwa mahali pamoja, nchi tatu zinaitumia. Ulichokosa ni uvumilivu wa kisiasa. Kila serikali ilikuwa na mpango wake wa maendeleo na idadi yake ya wataalamu iliowataka kufikia mwaka fulani, na hakuna waziri aliyefurahia kusikia kwamba idadi ya wahandisi wake inategemea nafasi zilizopo katika nchi jirani. Fani zikaanza kurudiwa taratibu. Azimio la Arusha la 1967 likaongeza umbali: Tanzania ilitaka chuo kinachofundisha kwa mwelekeo wake wa ujamaa, na majirani hawakuwa na mpango huo. Kufikia 1970 waliachana bila vita, kila mmoja na chuo chake.

Matokeo yake yanaonekana ukifuata orodha ya vitivo: Sheria 1961, Sanaa na Sayansi za Jamii 1964, Sayansi 1965, Udaktari 1968, kisha Kilimo kule Morogoro. Uhandisi ulichelewa mpaka 1973, ukajengwa kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Kuchelewa huko kulitokana na Nairobi, iliyokuwa ndiyo yenye kazi hiyo ndani ya mpango wa pamoja.

---

Bi Mkwaju

Nichukue swali la dhima, maana hapo ndipo penye utamu, na ndipo mabango mengi yanapokuwa matamu mno.

Chuo chenyewe hueleza kazi zake za asili kwa mambo matatu: kurithisha maarifa kutoka kizazi kimoja hadi kingine yakiwa msingi wa vitendo, kuwa kituo cha kusukuma mbele mipaka ya maarifa kwa utafiti, na kutimiza mahitaji ya taifa ya wataalamu wa ngazi ya juu. Hayo yanatokana na mtazamo wa Nyerere, na ukiyaandika hivyo hukosei. Sheria ya 1970 ilikwenda hatua moja zaidi. Ilisema maarifa hayo yahifadhiwe, yarithishwe na yaendelezwe kwa manufaa ya watu wa Tanzania kwa kufuata misingi ya ujamaa waliyoikubali, na kwamba mwanafunzi aandaliwe kufanya kazi pamoja na wananchi. Rais wa nchi alikuwa ndiye Mkuu wa Chuo. Makamu Mkuu wa kwanza, Pius Msekwa, alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU kabla ya kupelekwa Mlimani. Kwa hiyo dhima haikuwa maneno ya utangulizi. Iliwekewa watu na vyeo.

Ila kabla ya sheria hiyo kulikuwa na Oktoba 1966, na bila tukio hilo huwezi kuelewa kwa nini sheria iliandikwa kwa ukali ule. Serikali ilipitisha kwamba wahitimu wa elimu ya juu wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, kisha kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu na tamko la kupinga. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu wanafunzi 400, wengi wao wa Mlimani, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, ulifanyika mkutano mkubwa wa kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Hapo ndipo mjadala wa kozi ya lazima kwa wanafunzi wote ulipopata nguvu, kozi ambayo vizazi vilivyofuata vinaijua kwa kifupi cha DS (Development Studies), yaani Taaluma za Maendeleo. Hata mwanafunzi wa fizikia aliisoma.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokipa chuo jina duniani. Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia hapa kwa vipindi viwili, cha pili kikiishia 1974. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto walikuwa na umoja wao, USARF, ulioongozwa na Yoweri Museveni alipokuwa mwanafunzi, na jarida lililoitwa Cheche. Vyote viwili vilipigwa marufuku mwaka 1970. Hapo pakazwe macho: chuo kilichoagizwa na sheria kifuate ujamaa kiliwafungia wanafunzi waliosema ujamaa wa serikali hautoshi.

Kisha 1974 likaja Azimio la Musoma. Mwanafunzi hakuruhusiwa tena kutoka kidato cha sita kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kupita JKT, afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, halafu apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama mahali alipofanya kazi. Nia ilikuwa kupata msomi anayewajua watu anaokwenda kuwatumikia. Utekelezaji ulikwama kwa sababu za kawaida kabisa. Hesabu na sayansi humtoka mtu asiyezishika kwa miaka mitatu. Waajiri hawakupenda kumwachia kijana aliyekwisha kuizoea kazi. Wanawake wakapungua, kwa kuwa miaka hiyo ndiyo ya kuolewa na kuzaa, na serikali ikalazimika kuwaondolea wao sharti hilo baada ya muda mfupi.

Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga wabunge na mawaziri kuongezewa marupurupu. Walifukuzwa tena. Mwaka 1966 wanafunzi waliambiwa wana ubinafsi wa wasomi. Miaka 12 baadaye waliwarudishia viongozi tuhuma ileile, wakitumia lugha ya Azimio la Arusha waliyofundishwa darasani. Kama bango lako lina nafasi ya jambo moja tu kuhusu dhima, mimi ningeweka miaka hiyo miwili bega kwa bega.

---

Kurunzi

Bi Mkwaju, Makabrasha, Dafrau, shukrani sana. Hili la 1966 na 1978 nalichukua.

Swali la nyongeza. Kwenye rasimu nimeandika «Mlimani umezaa Muhimbili, SUA na Ardhi», yaani vyuo vikuu vya udaktari, kilimo na ardhi. Mdau mmoja kanipinga kwamba Muhimbili ilianza 1963 na Morogoro 1965, na vyote havikuanzishwa na chuo. Nani yuko sahihi?

---

Makabrasha

Mdau wako yuko sahihi kuhusu mwanzo, wewe uko sahihi kuhusu njia. Neno «umezaa» ndilo linalokuponza, andika «vimepitia».

Muhimbili: shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963, ikawa Kitivo cha Udaktari cha chuo 1968, ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki 1991, na 2007 ikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Morogoro: chuo cha kilimo kilianza 1965, kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwishoni mwa muongo huo kama Kitivo cha Kilimo, kikabaki na Dar es Salaam baada ya 1970, na 1 Julai 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ardhi: taasisi iliyotokana na shule ya wapima ardhi ya enzi za ukoloni, ikawa Chuo cha Ardhi 1972, ikaunganishwa na Mlimani kama chuo kishiriki 1996, ikajitegemea 2007.

Ukiziweka safu hizo tatu pamoja utaona mtindo mmoja: taasisi ndogo ya serikali inachukuliwa, inalelewa ndani ya chuo kikuu mpaka ipate walimu wenye shahada za uzamivu na seneti yake, kisha inaachiliwa. Vyuo vishiriki vya ualimu, DUCE hapa Dar es Salaam na MUCE kule Iringa, vilianza 2005 kwa mtindo huo, kwa sababu shule za sekondari zilikuwa zinaongezeka kuliko walimu waliokuwepo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitaji. Baada ya kuviachilia vyuo hivyo, Mlimani ulibaki bila kilimo na bila udaktari, halafu ukavirudisha: sasa una ndaki ya sayansi za kilimo, na ndaki ya afya iliyoko Mbeya. Kwa hiyo ukichora mti wa ukoo kwenye bango, usiukate 2007.

Na usisahau taasisi yenye umri mkubwa kuliko chuo chenyewe. TATAKI ya leo (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) ilipatikana 2009 kwa kuunganisha Idara ya Kiswahili na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili). Na TUKI yenyewe ilitokana na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili, ikaingizwa chuoni 1964. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka 1981 ni kazi yao. Mtu anayesema dhima ya chuo ni utafiti mtupu wa majarida ya nje, mwonyeshe hiyo.

---

Dafrau

Bi Mkwaju ameishia 1978, na mimi naona mabadiliko makubwa zaidi ya dhima yalikuja baadaye, tena kimyakimya, kwa mlango wa fedha.

Mpaka miaka ya 1980 serikali ililipa kila kitu: masomo, chakula, malazi na posho. Uchumi ulipodorora, majengo yalichakaa, vitabu vikakoma kuja na wahadhiri wakaondoka. Mei 1990 chuo kilifungwa kutokana na mgogoro wa wanafunzi na serikali, kikafunguliwa Januari 1991. Aprili hiyohiyo ya 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya juu zilikuwa zimetoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Hapo walimu walidai wenyewe haki ya kueleza dhima yao badala ya kusubiri kuelezwa. Makabrasha, ukikubali, hilo liingie bangoni kabla ya mti wa ukoo.

Chini ya Matthew Luhanga, Makamu Mkuu kuanzia 1991 hadi 2006, ulikuja mpango mkubwa wa mageuzi: mpango mkakati, vyanzo vya mapato vya chuo, wanafunzi wanaojilipia, mifumo ya kompyuta. Kuchangia gharama kulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sheria ya Bodi ya Mikopo ilipitishwa 2004 na bodi ikaanza kazi 2005. Athari yake kwa dhima ni ya wazi: mhitimu wa 1975 aliambiwa anadaiwa na taifa utumishi wake, mhitimu wa leo anadaiwa na taifa fedha, anakatwa kwenye mshahara. Sisemi kipi bora. Bila mikopo idadi ya wanafunzi isingefika hapa ilipo. Ila ukiandika kwamba «dhima haijabadilika tangu 1961» utakuwa umeandika tangazo.

---

Bi Mkwaju

Dafrau, nakubali kuhusu fedha, nakataa kidogo kuhusu kimyakimya. Miaka ya 1990 wanafunzi hawakunyamaza hata kidogo. Na utumishi wa lazima haukufutwa na mikopo. Uliisha pale serikali ilipoacha kumpangia kila mhitimu kazi. Hayo ni mambo mawili, yalikutana tu katika muongo mmoja.

Kwa Kurunzi, tofauti ya uongozi inafaa kutajwa kwa sentensi moja: sheria ya 1970 ilimfanya Rais kuwa Mkuu wa Chuo, leo Rais humteua Mkuu wa Chuo, na tangu 2016 ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete, aliyesoma uchumi hapohapo akahitimu 1975. Makamu Mkuu, mtendaji hasa, naye huteuliwa na Rais.

---

Fundi Chapa

Wakubwa wamesema ya historia, mimi niseme ya bango. Maneno 120 hadi 150 kwa bango moja ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo watu husoma mistari mitatu ya juu wakaondoka. Bango la kwanza: 1961 hadi 1970, pamoja na sababu ya kuanza na sheria. La pili: dhima, 1966 na 1978, na Musoma katikati. La tatu: mti wa vyuo na fedha za miaka ya 1990. Azimio la walimu la 1990 lipeleke bango la pili, chini, ndipo linapoeleweka.

Picha: Ukumbi wa Nkrumah kila mtu anautambua kwa sababu ulikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010, iliyoondolewa kwenye matumizi 2025. Usiutumie kwenye bango la 1961, maana mwaka huo Mlimani haukuwa na jengo la chuo. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ilizinduliwa 2018, kwa hiyo usiiweke pembeni ya maelezo ya Rodney. Ile maktaba ya zamani ndiyo yenye jina la Wilbert Chagula, na ndiyo inayolingana na miaka hiyo.

Kuhakiki, nenda kwenye kitengo cha maktaba chenye makusanyo ya Afrika Mashariki, omba kalenda za chuo za kila mwaka na vitabu vya mahafali, kisha linganisha na sheria yenyewe. Kalenda mara nyingine hurudia kosa la mwaka uliotangulia bila mtu kuligundua, hivyo chanzo kimoja kisikutoshe. Kabla ya kuchapa tupia rasimu hapa tuipitie, hasa tarehe za vyuo vishiriki, na uweke picha ikiwa na maelezo yake chini.